Vielelezo Vifaavyo kwa Mchora Herufi na Mapambo

Siku hizi hapana kijiji kisichokuwa na maandishi yake ya hadharani. Dukani pana bango, ukutani pa zahanati pana tangazo la chanjo, mlangoni pa shule pana jina na mwaka, na arusi haitimii bila ya kadi. Hata msibani watu huvaa fulana zilizopigwa chapa jina la marehemu. Yote haya yametoka katika mkono wa mtu, ama kijana mwenye brashi na kopo la rangi, ama mwenzake aketiye mbele ya kompyuta mjini Tabora. Kazi yao ni ufundi kama useremala na ufinyanzi, walakini ni watu wachache waihukumuo kama wahukumuvyo kiti au chungu. Chungu kikivuja, mfinyanzi hurudishiwa siku ile ile. Bango lisilosomeka huachwa juu ya mlango miaka kumi.

Kila fundi huanza kwa kutazama kazi ya mwenziwe, na jambo hilo si aibu. Shaka yetu ni juu ya mahali anapotazama. Vijana wengi hufungua simu, na humo picha zimejaa kama nzige: kadi zilizokwisha kupambwa, herufi za kila umbo, maua, mioyo, njiwa. Mtu huchukua ile ya kwanza imvutiayo, akabadili majina, kazi ikaisha. Ndiyo sababu tangazo la mkutano wa kisima hupambwa kama tangazo la karamu, na kadi ya arusi ya Kwihara hufanana na kadi ya mji tusioujua. Hatusemi kwamba picha hizo zote ni mbaya. Twasema ya kuwa mtu asiye na kipimo hachagui, huokota tu.

Basi twataka kuweka mbele ya wasomaji wetu kazi chache, nyingi za hapa Unyanyembe au zilizopita katika njia ya zamani ya misafara, itokayo pwani na kwenda Ujiji, tuzipime moja moja. Kila kazi tutaiuliza mambo matatu. Kwanza, je, neno lililo kuu laonekana kwanza? Pili, je, pambo lalisaidia neno hilo, au lalizuia? Tatu, je, kazi yasema kweli juu ya watu na vitu inavyovionyesha? Ikishindwa katika hili la tatu, hata ikiwa nzuri namna gani, ni kielelezo cha kutahadhari.

1. Mlango wa tembe

Wageni wafikao Kwihara huja kwa sababu ya jina moja. Dr. David Livingstone alikaa hapa mwaka 1872, kwanza pamoja na Henry Morton Stanley, aliyeondoka mwezi wa Machi, kisha na watu wake hata tarehe 25 Agosti, aliposhika safari yake ya mwisho. Tembe lake lilitengenezwa upya katika karne ya 20, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Wageni huingia, hutazama picha na ramani, hutoka. Wengi wao hupita mlangoni bila ya kuutazama mlango wenyewe, na kwa macho ya fundi huo ndio wa kutazamwa kwanza.

Ni mlango wa mbao uliochongwa kwa namna ya pwani. Namna hiyo ilipanda bara pamoja na wafanya biashara Waarabu na Waswahili, walioifanya Unyanyembe kituo chao kikuu. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi wa Novemba 1857 waliwakuta wafanya biashara hao wamekwisha kutua, wana majumba na bustani.

Mlango wa pwani una mpango wake. Mna miimo miwili ya kando, kizingiti cha juu, mbao mbili za kufungua, na katikati yao mfaa, uzibao pengo pale mbao zikutanapo. Fundi hakuchonga kila mahali. Nakshi nzito huwekwa katika miimo, katika kizingiti na katika mfaa; mbao zenyewe, zilizo pana, mara nyingi huachwa wazi, au hupigiliwa misumari kwa safu. Hivyo jicho hupata mahali pa kutembea na mahali pa kupumzika. Mnyororo uliochongwa hufuata ukingo wote kama mpaka wa shamba, na ua la mviringo hukaa katikati, mahali pa heshima. Kama pana maandishi, huwekwa juu, maana mtu akaribiapo mlango wa mwenyewe huinua macho.

Wako wasemao kwamba kila umbo lina fumbo lake: samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, mtende ni neema. Maneno hayo husimuliwa sana kwa wageni, na wataalamu hawakubaliani juu yake. Mchora herufi hana haja ya kuingoja hukumu yao. Yeye na ajifunze mpango, yaani pambo lipewe pembeni na uwazi uachwe katikati, kisha alitazame bango la duka lililo karibu naye. Mara nyingi ataona kinyume chake: chupa ya soda, kuku, simu, nyota tatu na namba mbili vimesongamana katikati, na jina la duka limesukumwa pembeni kama mgeni asiyealikwa.

Katika swali letu la tatu mlango huu hauwezi kupita bila ya kuulizwa. Mali iliyoulipia ilitoka katika pembe za ndovu na katika watu waliouzwa, na mizigo ya njia hii ilibebwa kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Nakshi haisemi neno juu yao. Basi twausifu mkono wa fundi, wala hatuisifu biashara iliyomlipa, na mwalimu awapelekaye watoto kuutazama mlango awaambie yote mawili.

2. Ushanga, nguo na kanga

Watu wengine hudhani kwamba babu zetu walipokea lolote waliloletewa na msafara, mradi limeng'aa. Habari za wasafiri wenyewe zakataa. Ushanga na nguo ndizo zilizokuwa fedha ya njia hii, na Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alitaja aina za ushanga karibu 400, kila moja ikiwa na jina lake, na thamani yake, na nchi iliyoipenda. Aina iliyotakwa huku ilikataliwa kule. Mfanya biashara aliyekosa kuchagua vema aliweza kulala njaa na mizigo yake imejaa. Kwa hiyo mafundi wa kioo wa Ulaya, ambao hawakupata kuiona Unyanyembe, walilazimishwa kufuata macho ya watu wa huku. Vivyo hivyo merikani, ile nguo isiyotiwa rangi iliyofumwa Marekani, na kaniki nyeusi ya Uhindi: mnunuzi aliishika, akaitazama, akaamua. Wajukuu wa watu waliokuwa na macho makali namna hiyo hawana udhuru wa kupokea kila picha ipitayo katika simu.

Katika nguo zote, iliyo mwalimu mkubwa wa mchora herufi ni kanga. Yasemwa ya kuwa ilianza pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake walipozishona pamoja leso za vipande ziwe nguo moja pana, na jina lake likatokana na yule ndege mwenye madoadoa. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887, na alama yake yenye maneno «Mali ya Abdulla» ilijulikana pwani na bara. Maneno ya kanga hapo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi zetu.

Kanga ina sehemu tatu. Iko pindo, izungukayo pande zote nne. Uko mji, ulio uwanja wa katikati. Na liko jina, yaani maneno yake, katika kisanduku chembamba upande wa chini wa mji. Nguo yenyewe ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110, na katika nafasi hiyo kila kitu kina kwao. Mchora kanga hawezi kulipeleka jina mahali apendapo, kwa kuwa anajua jinsi nguo itakavyofungwa na mahali maneno yatakapoangukia. Herufi zake ni kubwa, zimesimama, hazina mikia wala vivuli, maana zasomwa juu ya mtu anayetembea. Rangi ni chache. Kisutu, kanga ya bibi arusi, yajulikana sana kwa rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyewahi kuilalamikia kwamba ni maskini wa rangi.

Twaweza kuonyesha pia pale kanga inapokosea. Ziko kanga za ukumbusho zenye uso wa mtu mkubwa katikati ya mji. Karatasini picha hiyo ni nzuri. Lakini mama akijifunga, uso ule hukunjika, au huangukia mahali pa kukalia, na heshima iliyokusudiwa hugeuka kichekesho. Mchoraji alikumbuka nguo, akamsahau mvaaji. Kosa hilo hilo hufanywa na yule achoraye bango zuri mezani asiulize litatundikwa juu kiasi gani, wala msomaji atakuwa akipita kwa miguu au kwa baiskeli.

3. Ndovu wa dhahabu na taji la shaba

Ni wachache wajuao kwamba Tabora palipata kupigwa sarafu. Katika Vita Kuu ya kwanza manowari za Uingereza zilizuia meli zisifike pwani ya nchi iliyokuwa ya Wadachi, na fedha ikapungua. Mwaka 1916 Wadachi wakatengeneza sarafu zao katika karakana ya reli hapa Tabora, na kuzitia herufi T kuwa alama ya mji. Walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu yake ikitoka Sekenke, ipatayo idadi ya 16,000 hivi. Tena walipiga za heller 5 na 20 kwa shaba. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliuteka mji.

Sarafu ya dhahabu, upande mmoja, ina ndovu aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Kipande chenyewe si kipana kuliko kidole gumba, lakini mnyama hakubanwa. Mkonga wapanda kufuata duara la sarafu, mgongo na mlima vyapokeana, na mwaka umewekwa chini, pahali pa kutulia. Aliyelipanga umbo hili alijua kwamba mahali padogo hapataki vitu vingi; alichagua kiumbe kimoja, akakipa uwanja wote.

Sarafu ya heller 20 ni kazi ya haraka. Upande mmoja pana taji, na mwaka, na herufi za jina la nchi; upande wa pili pana thamani. Nyingine zimepigwa vibaya, duara halikukaa sawa na chapa ni hafifu. Hata hivyo twaiweka katika vielelezo vifaavyo, kwa sababu katika upungufu ule wote thamani yake ilisomeka. Mtu wa sokoni alijua ameshika nini. Fundi asiye na vifaa vizuri na apate moyo hapa. Akiwa na rangi moja na ubao mmoja, na alifanye lile neno kuu lisomeke, ndipo atakuwa ametimiza nusu kubwa ya kazi.

Walakini swali la tatu laja tena. Ndovu yule ni wa fahari, anapiga kelele mlimani kama mwenye nchi. Wakati ule ndovu wengi walikuwa wamekwisha kuuawa kwa ajili ya pembe, na vita yenyewe iliwamaliza wapagazi kwa njaa na ugonjwa. Picha ya enzi hupendwa sana na wenye enzi hapo inapowaponyoka. Mchoraji akiombwa kuchora nguvu, na aulize nguvu ya nani, na imebebwa na nani.

4. Picha za ukutani

Si wote wajuao kwamba wenyeji wa Usukuma na Unyamwezi walikuwa na uchoraji wao. Chama cha wachezeshaji wa nyoka walichora katika kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo, na Hans Cory alizikusanya na kuzieleza picha hizo katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1953. Hatumwiti msomaji wetu katika chama hicho. Twamwita atazame mkono. Nyoka, watu na wanyama walichorwa bapa, bila ya kivuli, kwa rangi za udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Kila umbo lilitengwa na jirani yake kwa nafasi wazi, kwa kuwa zilikuwa picha za kufundishia: mzee alionyesha kwa fimbo, mwanafunzi akakumbuka. Mwalimu wa shule achoraye ukutani sehemu za mwili au ramani ya kata angefanya vema kuyafuata hayo matatu, yaani umbo bapa, rangi chache na nafasi ya kutosha, kuliko kuhangaika na vivuli asivyoviweza.

5. Picha ya Ujiji na maandishi ya mtini

Sasa twaja kwenye kazi mbili za historia ya nyumba yetu hii ya Kwihara, moja mashuhuri na moja iliyosahauliwa.

Ile mashuhuri ni picha ya kuonana kwa Stanley na Livingstone huko Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, iliyotiwa katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872. Tangu hapo imenakiliwa vitabuni mara zisizohesabika. Kwa swali la kwanza na la pili ni kazi ya fundi hodari. Watu wawili wamesimama katikati, wameinua kofia, na kati yao uwazi. Macho hayawezi kukosea. Bendera ya Marekani i nyuma. Watu wengine wote, wapagazi, askari, Waarabu na wenyeji, wamepangwa huku na huku kama ua wa miti, kazi yao ni kutazama. Hapo ndipo swali la tatu linapoiangusha. Stanley hakufika Ujiji kwa kofia yake. Alifikishwa na watu wenye majina. Mpango wa picha umewafanya kuwa ukuta. Haukutumia hata neno moja la uongo, wala haukuhitaji. Umetosha ule upangaji wa nani katikati na nani pembeni. Wachoraji wetu wafanyao picha ya uzinduzi wa kisima, wakamweka mgeni katikati na wachimbaji nje ya ukingo, wamejifunza kwa picha hiyo pasipo kujua.

Ile iliyosahauliwa ni kazi ya Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyeokolewa katika utumwa na kusomeshwa katika shule ya Nasik huko Uhindi. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa watu walioletwa na msafara uliotumwa na Stanley, wakamfikia Livingstone hapa Kwihara mwezi wa Agosti. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwezi wa Mei 1873, wenziwe walikata shauri kuuchukua mwili hata pwani, na moyo wake wakauzika chini ya mti. Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko, na ndiye aliyechonga maandishi katika gogo la mti ule: jina la marehemu, tarehe, na majina ya baadhi ya wakuu wa msafara.

Kipande cha gogo hilo kilikatwa baadaye, nacho kimehifadhiwa London. Kwa mizani ya fundi wa herufi, maandishi yale si mazuri. Herufi hazilingani, na majina ya Waswahili yameandikwa kwa namna ngeni. Alikuwa na kisu na gome gumu, na kazi nzito ikimngoja. Lakini twayahukumu kuwa bora kuliko picha ile ya Ujiji. Neno kuu liko kwanza. Pambo halimo, maana mahali pale halikutakwa. Na kweli imesemwa yote: aliyekufa ametajwa, na waliokuwa pamoja naye wametajwa katika ubao huo huo, kwa herufi zile zile. Mwezi wa Oktoba 1873 msafara wao ulipita tena hapa Kwihara na mzigo wao. Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike papa hapa, wakakataa, wakaendelea hata Bagamoyo. Wainwright aliufuata mwili hata Uingereza. Baadaye alirudi Afrika, akafa Urambo mwaka 1892, si mbali na kwetu.

Kila aombwaye kuchora msalaba wa kaburi au ubao wa kumbukumbu na aiweke kazi hiyo moyoni. Jamaa za marehemu hawaombi maua ya kompyuta. Waomba jina lililoandikwa sawasawa, kama mwenyewe alivyoliandika, na tarehe isiyokosea, na herufi zitakazosomeka mvua ikiisha kupiga miaka ishirini. Aulize jina mara mbili kabla ya kuchonga. Jina lililokosewa katika kadi hutupwa pamoja na kadi. Lililokosewa kaburini huwaumiza watoto kila wafikapo.

6. Ukurasa

Vielelezo vya mwisho ni vya karatasi. Kabla ya mitambo ya chapa, huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa mkono, wakatumia nyeusi kwa maneno, na nyekundu na manjano kwa mapambo. Msomaji Mkristo asisite kuutazama ufundi huo: mtu wa kalamu hujifunza kwa mtu wa kalamu. Aone jinsi rangi ilivyopewa kazi ya kuonyesha mwanzo na mwisho, isimwagwe ovyo.

Kisha likaja gazeti. Wanafunzi wa Kiungani, Unguja, walianza kupiga chapa Msimulizi mwaka 1888, na serikali ya Tanganyika ilitoa Mambo Leo tangu mwaka 1923. Hapa kwetu Kipalapala pamekuwa na kiwanda cha misheni kilichochapa vitabu na magazeti kwa miaka mingi. Kijana wa leo hayajui mazingira ya kazi ile. Kila herufi ilikuwa kipande cha risasi, imegeuzwa kinyume. Mpangaji aliziokota moja moja sandukuni, akazipanga mstari kwa mstari, akatia vipande vitupu kati ya neno na neno. Kiwanda kilikuwa na namna chache za herufi. Basi tofauti ya kichwa cha habari na habari yenyewe ilipatikana kwa ukubwa, kwa nafasi, na kwa mahali. Mpangaji alifunzwa na uchache wake, na kurasa zile zasomeka hata leo.

Lakini tusizisifu kupita kiasi. Karatasi ilikuwa ghali, na kwa sababu hiyo kurasa nyingi zilisongwa, kando zikawa nyembamba, na macho ya mzee yakachoka kwa taa ya kibatari. Tena picha nyingine zililetwa kutoka Ulaya zilizokwisha kuchongwa, zikatiwa mahali zisipohusika. Yule atiaye leo picha ya shamba la theluji katika kalenda ya chama cha wakulima wa tumbaku hakuanzisha kosa jipya.

7. Kuiga na kujifunza

Msomaji mwingine atasema: «Haya ni mambo ya kale. Kijana ana mashine yenye namna elfu za herufi. Kwa nini apelekwe mlangoni na sarafuni?» Neno hili lina haki yake. Mashine ni chombo chema, nasi hatumwambii mtu aitupe. Na katika picha za mbali zimo kazi bora nyingi kwa yule ajuaye kuchagua. Lakini namna elfu za herufi hazimwambii fundi aitumie ipi. Yeye huona wingi, akajaribu kuutumia wote katika karatasi moja. Kazi tulizozitaja zilifanywa na watu waliofungwa na ubao, au na duara, au na uchache wa rangi, nao walilazimika kuuliza: katika haya yote, lipi lisiloweza kukosa? Ajifunzaye kuuliza hivyo atafaulu hata katika mashine.

Iko hatari nyingine, ya kuiga kitu chema mpaka kikaharibika. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, akitumia vibao rahisi vya ujenzi na rangi za baiskeli. Alikufa mwaka 1972. Katika miaka ile michache alipata namna yake: mnyama mmoja mkubwa ajazaye ubao, rangi safi nyuma yake, jicho lililo wazi. Baadaye namna hiyo ikawa biashara, na jina la mtu likawa jina la mtindo. Wamo wafuasi waliopata mikono yao wenyewe, nao twawaheshimu. Lakini wengi huchora twiga yule yule kwa mamia, kwa ajili ya mkoba wa mtalii. Waliiga twiga, wasiige ujasiri wa mtu aliyetazama rangi ya baiskeli akaona ya kuwa yafaa kwa picha.

Basi twawashauri vijana wa brashi na wa mashine mambo machache. Wawe na daftari, na kila waonapo kazi njema, mlango, kanga, stempu, ukurasa, waichore kwa mkono na kuandika vipimo vyake. Mkono ukichora, jicho huona lisiloliona katika simu. Katika kazi moja watumie namna moja ya herufi, au mbili zikizidi. Rangi ya herufi na rangi ya ubao zitofautiane sana, kama maziwa na masizi. Bango likiisha, walisimamishe, warudi nyuma hatua thelathini, wamwite mama mwenye macho hafifu alisome. Akishindwa, bango ndilo lililoshindwa.

Na sisi tusiochora tuna wajibu wetu. Methali yatuambia: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tangazo la chanjo lililosomeka limeundwa, na lile lililomkosesha mama siku ya kliniki nalo liliundwa, kwa uzembe. Tuwalipe mafundi wetu kama tulipavyo seremala, tusiwaombe watie kila kitu katika ubao mmoja, na kazi ikiwa mbaya tuwaambie kwa upole mbele ya kazi yenyewe, tukionyesha kwa kidole. Atakayepita Kwihara na ausimamie mlango ule kidogo, kabla ya kuingia kutazama mengine.